Wawili Kwenye Benchi

Fremu ilikuwa pale pale juu ya kabati, imepanguswa vumbi, lakini picha haikuwamo.

Lorna aliigeuza, akatazama nyuma yake, akainama kuangalia uvunguni. Ilikuwa picha yao ya uwanja wa ndege wa Winnipeg, siku walipoiaga Kanada: Wendell amemshika bega, na yeye anacheka mpaka macho yamefumba. Tangu wahamie Cuenca, mji wa milimani wa watu wa Kihispania, hakukumbuka kucheka vile tena.

Kwanza ilipotea sweta ya kijani ya Wendell. "Nimempelekea Bi Targelia anitilie kiraka kwenye kiwiko," alisema. Haikurudi. Ikafuata kofia yake ya ukindu. Sasa kila jioni Wendell alirudi akinuka gundi, na rangi imemganda chini ya kucha. Akiulizwa, alisema anamsaidia jirani kazi ndogo ndogo.

Jirani mwenyewe, huyo Bi Targelia, alikuwa mjane, fundi cherehani, wanatenganishwa naye na ukuta mmoja tu. "Mfalme wangu!" ndivyo alivyomwamkia Wendell kila asubuhi. Wendell, ambaye maisha yake yote alitengeneza mapaa ya watu na hakuna aliyewahi kumwita mfalme wa chochote, alimjibu kwa Kihispania cha kuokota sokoni, na yule mama akacheka hadi akajishika mbavu. Lorna alisimama kando na kikapu chake, akitabasamu kama mtu anayesubiri basi. Yeye alijua kusema asante na kuuliza bei. Kweli, Bi Targelia alimwita yeye pia "malkia wangu". Lakini hata muuza ndizi aliitwa hivyo hivyo.

"Leo nayo unatoka?" alimuuliza mumewe asubuhi ile. "Siku ya mwisho wa mwaka?"

"Nipo hapo jirani tu. Ila usije, mpenzi. Subiri nikuite."

"Nisije?"

"Nitakuita." Akambusu kwenye paji la uso, akatoka akipiga mluzi.

Mzee mwenye wajukuu, anapiga mluzi.

Lorna alikwenda kununua mkate. Karibu na kanisa alikuta njia imefungwa kwa kamba. Wanaume wawili wenye masharubu, wamevaa magauni meusi na mawigi, walijifanya wajane wakimlilia marehemu Mwaka, kama kawaida ya siku hiyo. Marehemu mwenyewe, mwanasesere mkubwa kama mtu, aliketi kitini nyuma yao, suti kuukuu iliyojazwa unga wa mbao, na kinyago cha waziri fulani, akingoja kuchomwa moto usiku.

"Mume wangu ananiacha leo, bibi!" mmoja alimwangukia miguuni. "Nichangie jeneza!"

Lorna akampa sarafu.

"Mungu akuzidishie! Na wako usimwache peke yake. Wajane tumejaa mtaa huu!"

Watu wakaangua kicheko. Neno mjane Lorna alilielewa vizuri. Ndilo neno majirani walilotumia kumtambulisha Bi Targelia kwake.

Aliporudi nyumbani alifungua kabati la nguo. Gauni lake la bluu halikuwepo. Sweta ni mali ya Wendell, ampe amtakaye. Picha labda angeitafutia sababu. Lakini gauni lile alilivaa siku ya safari, na hakuna kiwiko cha kutiwa kiraka, kwa sababu halina mikono.

Akashusha sanduku kutoka juu ya kabati. Alikunja nguo moja moja, bila kulia, soksi zake kwenye viatu vyake kama alivyozoea. Alipokuwa akifunga zipu, kicheko cha Wendell kikapanda kutoka uani kwa jirani.

Akaenda dirishani.

Kwenye benchi la Bi Targelia walikaa wawili, wamempa mgongo. Sweta ya kijani, kofia ya ukindu. Mkono wa sweta ulimzunguka mwanamke aliyevaa gauni la bluu, na kichwa cha mwanamke, kimefungwa mtandio, kilikuwa kimelala kwenye bega la sweta. Hawakuwa na haraka yoyote. Walitulia kama watu waliozoeana.

Lorna hakujua alivyoshuka ngazi. Sanduku lilimfuata nyuma likigonga kila kidato. Mlango wa ua wa jirani ulikuwa wazi.

"Wendell!"

Hakugeuka. Hata aibu ya kugeuka hakuwa nayo.

"Nimeacha nyumba yangu, Wendell! Nimeacha wajukuu, nimekufuata mpaka kwenye milima hii ambako hata kuulizia chumvi siwezi! Na wewe unachukua gauni langu unamvika huyu?"

Mwanamke naye hakugeuka. Aliendelea kulala begani, starehe kabisa, kana kwamba anayepiga kelele ni redio ya nyumba ya pili. Basi Lorna akaachia sanduku, akaushika ule mtandio kwa mikono miwili, akauvuta kwa uchungu wake wote.

"Taratibu, malkia wangu!" Bi Targelia alipiga ukelele kutoka mlango wa jikoni, brashi mkononi, na Wendell amesimama nyuma yake mdomo wazi. "Rangi bado mbichi!"

Kichwa kilikuwa kimekwisha kugeuka, unga wa mbao ukimwagika shingoni. Nywele nyeupe za Lorna, kidoti cha Lorna kidevuni, uso wa karatasi wa Lorna, unacheka mpaka macho yamefumba.