Chini ya Zege

Asubuhi redio ilitangaza kwamba Baraza limepitisha sheria: mkandarasi ataidhinisha jengo lake mwenyewe, mhandisi akae nyumbani. Mchana Chambuso, mkandarasi, alimzuia Mhandisi Nyamizi kwenye geti la ghorofa alilokuwa akijenga.

"Mama, hujasikia? Muhuri wako kapigie vitumbua."

Nyamizi akampita kama kisiki. Kwa wiki mbili alikuwa amekataa mirunda iliyoshikilia sakafu ya juu ing'olewe, maana nondo ndani ya zege lake zilikuwa nyembamba mno.

"Nimeshasaini!" Chambuso akawafokea mafundi. "Ng'oeni!"

Hakuna aliyesogea. Katika mji ule, aliyeidhinisha zege husimama chini yake mirunda ikitolewa. Nyamizi alikuwa akisimama hivyo kwa miaka ishirini.

"Saini si yako, bosi?" fundi Lugome akauliza. "Ingia."

"Ushamba huo!"

"Ndiyo ushamba wetu. Tunakusubiri."

Nyamizi akavua kofia yake ngumu, akamtupia Chambuso. "Vaa. Itakubana, kichwa chenyewe kimejaa sheria."

Chambuso akaivaa, akacheka peke yake. Mguu mmoja ukaingia kivulini, chini ya sakafu. Wa pili ukabaki juani. Lugome akainua nyundo kwenye mrunda wa pembeni, akamtazama.