Mlinzi Aliyefaulu Majaribio

Sikieni ya Nungunungu. Mama Kanga alimweka langoni mwa boma lake achuje wanaoingia, na kabla ya kumwachia mayai akaamua kumpima. Akamtuma Kima, aliyejibandika manyoya ya kanga, akarudishwa. Akatuma kundi zima la kindi lisukumane langoni kwa mpigo. Kila mmoja alikaguliwa, na foleni haikukwama. Nungunungu akavimba kichwa.

Alasiri akaja Kicheche, mwizi wa mayai, ambaye hakutumwa na yeyote. Naye kajibandika manyoya.

"Simama hapo!" Nungunungu akamchoma mwiba. "Manyoya ya kanga, harufu ya kicheche!"

Kicheche akapiga makofi. "Hongera, kaka! Nimejaribu malango mengi, mlinzi kama wewe sijamwona. Lazima Mama Kanga azisikie sifa zako leo hii."

"Basi ingia ukamwambie," alisema Nungunungu, akilifungua lango lote. "Na lile la harufu usilisahau."

Jioni Mama Kanga akakuta maganda matupu. "Nungunungu! Nani kapita hapa?"

"Hajapita mwizi hata mmoja, Mama," akajibu kwa madaha. "Hata yule uliyemtuma mwisho nilimnasa kabla sijamfungulia."