Mgongo wa Driciru

Vita vilipofika Inde, kijiji cha jirani, mwaka wa 1979, mwenye duka la ushonaji pale Arua alikuta meza zake tupu, vichwa vyote vya cherehani vimefunguliwa na kuchukuliwa. Mafundi wameniibia, akawaza, wala hakuumia. Akafuata watu waliokimbia kwa njia ya Kongo.

Karibu na mpaka akamwona Driciru, fundi aliyekula naye sahani moja kila mchana. Alikuwa amefunga mzigo mgongoni kwa kitenge, kama mtoto. Pembeni lilichomoza gurudumu la cherehani, mafuta yakimchuruzika hadi kiunoni.

"Zingine wenzangu iko nayo mbele," alisema. "Tutashona huko, mzee."

"Na mtoto wako?"

Driciru akakaza fundo la kitenge.

"Imebaki kule kijijini Aroi na mama yangu. Mgongo iko moja tu."