Unyayo wa Bibi Muhanga

Siku zile wanyama walipokuwa wakikopeshana nyumba, Ngiri na mkewe mjamzito walimwomba Bibi Muhanga, mchimbaji wa mashimo, awakopeshe shimo moja. Wangelilipia kwa mizizi, kidogo kidogo kila msimu. Bibi alikubali. Ilibaki tu akanyage unyayo wake mlangoni pa shimo, alama ya kuridhia kama ilivyo desturi, ndipo wahamie.

Lakini kila walipokwenda kuuliza alisema, "Dari bado mbichi. Kaeni kwanza mle chakula." Mara nyingine ilikuwa ukuta, mara majirani hawajaulizwa.

"Anatuzungusha tu!" siku moja Ngiri alimnong'oneza mkewe kwa hasira. "Mvua ikitukuta nje na mtoto je?"

Mkewe alikuwa akikitazama chakula. Kila walipobisha hodi walikuta kimeshapakuliwa, cha watu watatu.

"Bibi," alisema taratibu, "hata tukihamia, jioni tutakuja kula kwako. Na mtoto utampa jina wewe."

Bibi Muhanga aliinuka kabla hajamaliza kutafuna, akaenda moja kwa moja kukanyaga unyayo. Dari ilikuwa imekauka zamani.

Mpaka leo ngiri huingia shimoni kinyumenyume, uso ukitazama nje, Bibi asije akapita mlangoni bila kuamkiwa.