Joto la Fundi

Mikono yote miwili ya gauni ilikuwa ya kushoto. Fundi aliigeuza, akaigeuza tena, kisha akaisukuma mezani mbele ya mke wa mwanawe, aliyekuwa akishona naye kwenye kibanda kile.

"Umekata nini hapa? Mwenyewe anakuja kulichukua leo."

"Nitakata mingine, mama. Kitambaa kinatosha."

Baadaye fundi aliuona mstari wa chaki, akautambua kuwa wake. Mikono ile aliikata yeye. Joto likampanda kutoka kifuani hadi masikioni. Akajipepea kwa kipande cha boksi, machozi yakimlengalenga, asijue kama ni aibu au ni ule umri.

Hedhi yake ilikatika mwaka uliopita, na tangu hapo hakujielewa. Aliamka shuka limelowa jasho. Alisahau vipimo vya wateja. Mdomo wake ulikuwa hauna breki.

Aliyeuonja zaidi mdomo huo ni mkwe, binti ambaye hata thelathini hajafika. Ndoa ilikuwa na miaka kadhaa na mtoto hakuna. Fundi alishona kigauni cha mtoto mchanga kwa mabaki ya vitambaa, akakitundika ukutani juu ya cherehani ya binti huyo.

"Macho yazoee," alisema mbele ya wateja, nao wakacheka. Mkwe alicheka pia. Asubuhi alikuwa akikipangusa vumbi, anaketi chini yake, anashona.

Na huyohuyo ndiye aliyemtunza. Ndiye aliyesogeza cherehani zote mbili dirishani na kuleta feni. Ndiye pekee aliyeuliza.

"Joto linaanzia wapi, mama? Usoni?"

"Kifuani."

"Na usiku unalala?"

"Nilale wapi, mwanangu? Nagombana na shuka mpaka kunakucha."

"Hedhi ilikata ghafla, au kidogo kidogo?"

"Mama mkwe anaulizwa mambo kama hayo?" Fundi alicheka, lakini alijibu yote. Moyoni yalimchoma. Mwanawe wa kumzaa hakuwahi kumuuliza hata moja, na huyu anayesimangwa kila siku ndiye anayetaka kujua amelalaje.

Kwa hiyo mkwe aliposema, "Mama, twende hospitali, kuna daktari anayajua haya," fundi hakubisha. Alivaa gauni lake la kutokea. Njiani alimtazama binti yule akitembea upande wa jua ili yeye apate kivuli, akajiapia: tukitoka tu namwomba radhi. Na kile kigauni nitakishusha kwa mkono wangu.

Daktari alikuwa mwanamke wa sauti ya chini. Aliwaonyesha viti viwili.

"Mama abaki?"

"Abaki," mkwe alisema. "Nataka ayasikie kwako. Mimi siwezi kumwambia."

Fundi alikubali kimoyomoyo kwamba ni kweli. Nyumbani alikuwa mbishi, haambiliki. Akaushika mkono wa mkwewe, akaukuta umelowa jasho. Maskini, ananiogopea, alijisemea.

Daktari alifungua jalada. "Vipimo vya pili vimetoka sawa na vya kwanza. Hedhi imekoma, na hatutarajii irudi. Lile joto na kukosa usingizi vinatokana na hilo, tutavitafutia dawa. Poleni sana."

"Pole ya nini, dokta?" Fundi alishusha pumzi, akacheka, akamgusa mkwewe begani. "Hilo nalijua tangu mwaka jana. Ni umri tu. Huyu akiniletea mjukuu nitasahau yote."

Daktari hakucheka. Alimtazama mkwe kwanza, kama anayeomba ruhusa, na mkwe akatikisa kichwa kukubali.

"Samahani, mama," daktari alisema. "Nilikuwa naongea na mkweo."