Kivuli cha Bibi Brandhorst

Roswitha Zapf alikuwa amejibanza nyuma ya chungu kikubwa cha maua, simu mkononi, moyo ukimdunda kwa raha aliyoona haya kuikiri. Katikati ya ukumbi wa dansi, Bibi Brandhorst, mgeni wa chumba namba nne katika nyumba yake ya wageni, alikuwa anazungushwa na bwana wa tai ya kijani.

"Wifi, toka huko, unaponda maua ya watu," alisema Hedwig, dada ya mumewe, mdomo umejaa keki.

Hapa Bad Elsbrunn watu huja wiki tatu kujitibu kwa kunywa maji ya kisima yenye harufu ya mayai viza na kulowekwa kwenye tope la moto. Mgeni akipata mpenzi wa hizo wiki tatu, wenyeji husema amepata kivuli, wakacheka, yakaisha. Roswitha hakucheka. Miaka tisa nyuma mumewe alipata kivuli kutoka Kassel, kikamchukua mzima mzima pamoja na baiskeli. Tangu hapo aliapa kwamba hakuna ndoa itakayovunjika kimyakimya chini ya paa lake.

Na huyu mama hakujificha hata chembe! Jumatatu alishuka treni ya saa nne, pete kidoleni, akachukua chumba cha mtu mmoja, cha mwisho kilichobaki. Jumanne tayari wameshikana mikono na yule bwana, aliyekuja na treni ya saa sita na kufikia nyumba ya wageni ya ng'ambo ya barabara. Jina lake nani? Roswitha alikuwa radhi kufa na hamu yake kuliko kuuliza. Yeye na Gerlinde, mwenye nyumba ile, hawakuwa wamesemeshana kwa miaka kumi na mmoja, tangu ule ugomvi wa ua wa miti.

"Juzi pale kisimani yule bwana kamfunga kamba za viatu," alinong'ona. "Jana kamwambia, 'Trudi, vaa skafu.' Naye akajibu, 'Nikivaa utasema nimezeeka.' Wiki moja tu, Hedwig, na wameshaanza kugombana!"

"Basi wanapendana."

"Na yule bwana naye ana pete. Wezi wawili!"

"Pilipili usiyoila yakuwashiani?"

"Inaniwasha! Kuna mwanamume huko kwao Paderborn saa hizi anakula viazi baridi peke yake."

Akachomoa kwenye mkoba ile fomu ambayo kila mgeni huijaza akifika. Jina la mume halikuwapo, ila palikuwa na namba yake ya simu, ya kupigiwa kukiwa na dharura.

"Hiyo ni siri ya mgeni," Hedwig alisema, na safari hii akaweka uma chini. "Utashtakiwa. Na ndoa ya watu itakufa mikononi mwako."

"Mimi ningepigiwa simu, Hedwig, ningewahi."

Wifi yake akasogeza sahani ya keki kando.

Roswitha aliwatazama tena wale wawili. Walikuwa wanacheka kama waliokunywa, na mama wa watu alikuwa amependeza, hilo hakuweza kulikataa. Karibu arudishe fomu mkobani. Ndipo kiongozi wa bendi akatangaza wimbo wa mwisho, na bwana wa tai ya kijani akaegemeza shavu lake kwenye shavu la Bibi Brandhorst, mbele za watu wote, mchana kweupe.

Akabonyeza namba.

Simu ikaita mara moja. Ikaita mara ya pili. Roswitha akatafuta neno la upole la kuanzia.

Pale katikati, bwana wa tai ya kijani akasimama, akamwachia mwenzake kiuno, akaingiza mkono mfukoni mwa koti.

"Brandhorst hapa," sauti ikasema sikioni mwa Roswitha. "Sema upesi, tafadhali, wimbo unaisha."