Mlango wa Masika

Kompyuta iliuliza kama iendelee kuweka mfumo mpya. Kidole cha Vasta kikasimama juu ya kipanya.

Programu ya kuchora nyumba anayofundishwa kwenye masomo ya jioni hapo Bwera ilikuwa imeukataa mfumo wa zamani, na mtihani ulikuwa Jumatatu. Lakini wakiubadilisha, mchoro wa nyumba aliouacha marehemu mumewe, wa programu ya zamani, hautafunguka tena.

"Si uchapishe tu, mama?" akasema fundi wa kompyuta. "Karatasi haiombi umeme."

"Karatasi ni ya kutazama. Huwezi kuiongezea kitu."

Alilisogeza lile swali pembeni, akaufungua mchoro. Kwa Wakonzo, kabila lao, jina la mzaliwa wa kwanza humtangulia mtoto, basi mumewe alikuwa ameandika ndani ya chumba kimoja "Masika", jina la binti wa kwanza. Kwa miaka kumi na minane jina hilo lilikaa mle peke yake. Kulikuwa na kuta nne na dirisha la kutazama mlimani, lakini hapakuwa na mlango. Mumewe alisema atauchora siku mtoto akizaliwa, na mtoto hakuja.

Vasta alifumba macho. Midomo ikacheza bila sauti, kama kanisani.

Kisha akaukata ukuta kwa kipimo alichofundishwa, sentimita tisini, akachora mlango unaofungukia ndani. Aliutazama mpaka kioo cha kompyuta kikafifia.

"Bonyeza wewe, mwanangu," alimwambia fundi, akalirudisha lile swali katikati ya kioo, akainuka kitini.